Mashuka Hayajakauka

Mume wangu ni daktari wa upasuaji, na hospitalini wanamwita Fundi. Jina hilo alipewa na wagonjwa kwa sababu ya mshono wake. Mtu akipasuliwa ngiri na Fundi, akishapona, kovu unalitafuta kwa tochi. Nimeishi naye tangu akiwa mwanafunzi wa udaktari mwenye viatu vya kuazima. Nimemzalia, nimempikia, nimegombana naye, na nawaambia kweli tupu: hakuna binadamu aliyewahi kunichosha kama yeye, isipokuwa wanafunzi wake. Wale ndio kiboko.

Tuanze na mkono. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka pole pole, kijiko kikawa kinagongagonga sahani. Kisha vikafuata vifungo vya shati. Asubuhi moja nilimkuta mbele ya kioo anahangaika na kifungo cha kola, anamtukana mshonaji. Nikamfunga. Kesho yake akaja mwenyewe, akasimama mbele yangu kidevu juu kama mtoto wa chekechea, huku ananisimulia habari za redioni. Nikamfunga tena. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba: mimi nafunga, yeye anaongea siasa, mkono hautajwi.

Lakini mimi nilifundisha hesabu shule ya msingi maisha yangu yote, na kunyamaza sikujaliwa. Nikamwambia, "Baba, huo mkono kawaonyeshe wenzako." Akasema ni baridi. Baridi! Kiangazi kile, hata mbwa wamejilaza chini ya magari. Nikangoja, nikasema tena. Akasema ni uchovu. Mara ya tatu akawa mbogo.

"Mama, kamati imekaa, imenipitisha kwa kila kitu. Tumbo, shingo, ngiri, kila kitu! Wewe unajua kuliko kamati?"

Hiyo kamati niwaeleze, maana ndiyo chanzo cha balaa lote. Daktari kuwa na leseni hakumaanishi apasue chochote anachojisikia. Hospitali inampa kibali chake: wewe pasua hiki na hiki, kile usikiguse mpaka usimamiwe na mwenzako anayekijua. Kila baada ya miaka michache vibali vinapitiwa upya. Wanatazama leseni kama bado iko hai, kazi alizofanya, wagonjwa walioharibikiwa, na afya ya daktari mwenyewe. Na nani alianzisha utaratibu huo pale? Fundi! Kuna daktari mmoja mwenye maneno mengi aliparamia tezi la shingo asilolijua, mgonjwa akapoteza sauti, na Fundi akagombana na wakubwa wote mpaka kamati ikaundwa. "Kibali ni cha mkono, si cha jina," alikuwa akisema, hata kwenye harusi za watu. Aliwavua vibali wazee waliomtangulia kazini, wengine hawakumsalimia tena mpaka wanaingia kaburini.

Sasa zamu ikafika kwake. Wajumbe wote ni wanafunzi wake. Mwenyekiti ni mtu niliyemlisha mwenyewe kwenye meza hii enzi akiwa kijana, alikuwa anakuja Jumapili na shati moja, anaondoka na sahani ya kufunika. Akasoma jina la Fundi, faili halikufunguliwa, wakapiga makofi. Kuhusu afya, mwanafunzi mwingine alikuwa ameandika "mzima" baada ya kuongea naye mpira kwenye simu. Haya sikuambiwa na mbaya wake. Alinisimulia yeye mwenyewe, amerudi nyumbani anang'aa: "Mama, wamenipigia makofi!"

"Makofi wanapigiwa waimbaji," nikamwambia. Alininunia wiki nzima.

Baada ya hapo yakaanza mambo ya ajabu. Fundi anatoka asubuhi na mapema, anarudi mchana amekunja uso. "Leo sikupasua. Mashuka hayajakauka." Yale mashuka ya kijani wanayomfunika mgonjwa, yafuliwe, yakauke, yauliwe vijidudu kwenye mashine, bila hayo hakuna kisu kinachoguswa. Siku nyingine, mgonjwa amekunywa uji wakati alitakiwa kufunga. Siku nyingine tena mashuka. Na mashuka. Na mashuka! Chumba cha pili wanapasua kama kawaida, yeye amenawa, amevaa, amekaa kwenye stuli anapigwa na feni. Yule aliyeifahamu hospitali ile kama mfuko wake wa shati hakujiuliza mashuka gani haya yanayomwonea yeye peke yake.

Au alijiuliza, akajijibu anavyotaka. Siku moja alikwenda kwa mkurugenzi, akagonga meza. Dobi ni mzembe, dobi anaua wagonjwa kwa kuwachelewesha, dobi aondoke. Mkurugenzi naye anamwogopa Fundi kama wengine. Akamsimamisha dobi kazi siku hiyohiyo, akaitisha kikao cha nidhamu.

Dobi akaja kwangu. Sikuwahi kumwona kabla. Mama mpana wa mabega, mikono imechujuka kwa sabuni, anakaa pembeni kabisa ya kiti kama anayeogopa kukichafua.

"Samahani, dada, kukuvamia nyumbani," akasema. "Mimi ndiye wa mashuka."

"Karibu, mdogo wangu. Kunywa chai."

"Chai haitapita. Dada, mashuka yangu yamekauka. Kila siku yamekauka. Nayapeleka kwa mkono wangu, sista wa chumba cha upasuaji anayapokea, ananiambia asante. Sasa naambiwa mimi mzembe. Nina wajukuu wanne, mama yao hayupo. Nikifukuzwa kwa uzembe, hospitali gani itanichukua tena? Nimemkosea nini mzee?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilijifunga kitambaa, nikamwacha pale na chai yake, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti. Katibu wake akasema yuko kwenye kikao. Nikamwambia, basi kikao kimepata mjumbe.

Alikuwa peke yake, anakula karanga.

"Shikamoo, Mama!" Akasimama haraka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Marahaba. Mashuka yamefanya nini?"

Akaanza kumung'unya maneno. Nilimkazia macho kama nilivyokuwa nawakazia watoto wa darasa la tatu, akatapika yote. Kwamba mara ya mwisho Fundi anapasua, mkono ulicheza, mshipa ukakatika, daktari msaidizi akauwahi, mgonjwa akapona kwa neema tu. Kwamba siku ile walikaa wakakubaliana: kibali abaki nacho, wagonjwa asipewe. Sista akaagizwa atafute sababu kila asubuhi. Sababu nyepesi kuliko zote ikawa mashuka, kwa kuwa dobi hahudhurii vikao, hatajua.

"Kwa nini hamkumwambia mwenyewe?"

"Mama, tumwambie nini Mwalimu? Katufundisha kushika kisu. Nani amfunge paka kengele? Tuliona ni adabu tumstiri, mpaka achoke mwenyewe."

"Kila siku mnamkalisha kwenye stuli mnamdanganya kama mtoto, halafu mnaita adabu! Mimi nikimwambia mkono unatetemeka, ananionyesha kibali chenu. Mmemwandikia fimbo ya kunipigia mimi! Na huyu mama wa watu?"

Hapo ndipo aliponimaliza. "Dobi tutamhamishia jikoni, kimyakimya. Hatapoteza mshahara."

"Na jina lake? Ataingia jikoni akiwa nani? Yule mzembe aliyekuwa anaua wagonjwa?"

Akatazama karanga zake. Nilitoka bila kuaga, na mimi si mtu wa kutoka bila kuaga.

Fundi alikuwa ameshafika nyumbani. Nilimkalisha, nikamwambia neno kwa neno: mkono, mshipa, mashuka, makubaliano yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Unawasingizia wanangu. Wale wasingenificha." Akaenda chumbani, akajifungia. Mganga hajigangi, walisema wa zamani, lakini hawakusema na mkewe afanyeje. Nilikaa sebuleni nikalia kwa hasira tu, si kwa huzuni, hasira kavu.

Siku ya kikao alivaa suti. Alikuja kusimama mbele yangu kama kawaida, lakini redio hakuitaja. Nilipomaliza kumfunga, nikachukua mkoba wangu. "Unakwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia ninakwenda anakokwenda, na anayetaka kunizuia ajaribu. Hakujaribu.

Chumba cha mikutano kina meza ndefu, viti vya magurudumu na feni inayolia. Mkurugenzi amekaa kichwani, mwenyekiti na wajumbe wake upande mmoja, sista wa chumba cha upasuaji karibu na dirisha. Dobi amewekwa mwisho kabisa, peke yake, amevaa gauni la kanisani. Mimi hakuna aliyenialika, na hakuna aliyethubutu kunitoa.

Mkurugenzi alianza kusoma tuhuma. Fundi akainua mkono wa kushoto kumkatiza.

"Nina swali moja tu kwa sista," akasema. "Mashuka yalikuwa yamekauka?"

Sista akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama meza.

"Nimekuuliza wewe."

"Yalikuwa yamekauka, Mwalimu," akasema sista.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Kwa nini ukaniambia hayajakauka?"

"Niliagizwa. Nisamehe, Mwalimu."

Nilimwona mume wangu anazeeka pale pale kwenye kiti. Kuambiwa na mke ni kitu kimoja. Mke anasema mengi. Moyo wangu ulikatika vipande, nikatamani nirudishe maneno yangu yote, nimchukue twende nyumbani. Mwenyekiti akaona upenyo, akajitia kuokoa jahazi. "Mwalimu, hakuna aliyekugusa. Kibali chako kipo palepale, kwa kila kitu. Hili ni suala dogo la kiutawala, tulimalize tu."

"La dobi nalo dogo?" Fundi akamuuliza.

Mkurugenzi akakohoa, akasema kwa kuwa malalamiko yalikuwa ya Fundi, yafutwe kwa maandishi, na mama huyu arudi kazini leo hii. Akasogeza karatasi mezani. Mwenyekiti akairukia. "Nitaandika mimi, Mwalimu. Hata usihangaike kusaini, sisi tunakuelewa."

"Lete hapa," Fundi akasema. "Kaa chini."

Alichukua kalamu kwa mkono wa kulia. Mkono ambao alikuwa anauficha mfukoni, nyuma ya mgongo, chini ya gazeti, akauweka juu ya meza mbele ya watu wote. Kalamu ikaanza kugonga mbao kabla haijafika kwenye karatasi. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanisukuma, si kwa ukali. Akaandika neno, akapumzika, akaandika lingine. Ilichukua muda, jamani, ilichukua muda! Wajumbe wakatazama feni, wakatazama viatu vyao, mmoja akajifanya anasoma simu.

"Niliwafundisha kutazama mkono," akasema bila kuinua kichwa. "Haya, tazameni."

Wakatazama. Aliandika kwamba mama huyu hakukosea chochote, siku yoyote, na kwamba aliyemchafulia jina ni yeye. Herufi zilipanda na kushuka, na jina lake alipoliandika lilitoka nje ya karatasi likamalizikia kwenye mbao za meza. Aliinuka, akampelekea dobi karatasi yeye mwenyewe. "Nimekukosea, mama." Dobi aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote taratibu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Hakusema asante, wala sikumlaumu.

Fundi akarudi, lakini hakukaa. Akasimama mbele ya mwenyekiti, mkono umening'inia, unatetemeka, hauendi mfukoni.

"Nimpasue nani kwa mkono huu? Nijibu, mwanangu."

"Mwalimu, heshima yako..."

"Sikuuliza heshima. Nimeuliza nani."

Mwenyekiti, mtu mzima yule, mwenye tai na watoto chuo kikuu, machozi yakamtoka mbele ya wajumbe wake.

"Hakuna, Mwalimu," akasema. "Hakuna mtu."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anapolipata jibu gumu.

"Umepata," akasema. "Sasa andika hivyo kwenye kibali changu."