Sakafu ya Bibi na Kazi Mpya ya Mama Kitambaa

Saa kumi na mbili asubuhi, chai ya Bibi imeshafunikwa mezani na Mama Kitambaa amepiga magoti sebuleni, anapaka nta. Anakwenda ubao kwa ubao, mkono ukifuata nyuzi za mti, kutoka dirishani kuelekea mlangoni. Anaimba chinichini.

Wimbo unakatika. Nyuma ya kochi, mtoto wa mbwa anazunguka huku akinusa.

"We bwana mdogo, we."

Kufumba na kufumbua amekwisha kumbeba na kumtoa uani. Hata hivyo amechelewa. Kidimbwi kinang'aa juu ya mbao.

Anarudi na matambara mawili. Hasugui. Analaza lile kavu juu ya kidimbwi na kulikandamiza kwa viganja.

"Ukisugua, unaupeleka mkojo kwenye maungio," anaeleza. "Ukiingia humo ubao unavimba, unaweka doa jeusi, na doa hilo linataka msasa."

Tambara la pili limelowekwa kwenye maji yenye siki kidogo, likakamuliwa hadi halidondoki. Hilo ni la kuua harufu. "Ikibaki, kesho atarudi papo hapo, kama abiria aliyelipia kiti."

Jina lake amepewa na majirani kwa sababu ya kitambaa kisichobanduka begani mwake. Alikuja nyumba hii akiwa mjane kijana, mtoto mgongoni, kufua nguo. Mume wa Bibi alikuwa seremala. Sakafu hii aliiweka mwenyewe, na ndiye aliyemfundisha kuitunza. Tangu mzee afariki, hakuna mkono mwingine uliowahi kuipaka nta.

Sifa zikatoka nje. Watu wakaanza kumwita Jumamosi awang'arishie sakafu zao. Sasa yeye na binti yake wamepata mashine ya kung'arishia, na wateja wanasubiri.

"Magoti yamechoka kuniomba ruhusa," anasema akicheka. "Mashine inafanya kazi imesimama. Na mimi nataka kusimama."

Kilichomzuia ni Bibi. Mpwa wa Bibi atakuwa akija kupika na kufanya usafi, lakini jioni nyumba itabaki kimya. Ndipo Mama Kitambaa alipomletea mbwa. Bibi alimpokea kwa sharti moja: asiiharibu sakafu ya marehemu. La sivyo, arudishwe alikotoka.

Mama Kitambaa naye akajiwekea sharti lake. Hataondoka mpaka mbwa ajue kwenda nje. Ameshaahirisha kuondoka mara mbili.

"Nikiufunga mlango wa nyumba hii, nataka niufunge moyo ukiwa mweupe."

Mafunzo yake ni ya subira. Mbwa akiamka, nje. Akila, nje. Akimaliza kucheza, nje. Mama Kitambaa husimama naye hadi amalize, kisha humpa kipande cha biskuti palepale kwenye majani. "Mkono mtupu haulambwi, hata na mbwa."

Kwa nini basi hashiki? Akiwa nje hukojoa kidogo tu, halafu huchomoka mbio kuingia ndani na kumalizia sebuleni. Mama Kitambaa alidhani ni ugonjwa. Daktari wa mifugo akasema mbwa ni mzima kabisa.

Leo baada ya chakula cha mchana mbwa anafanya vilevile. Anachuchumaa, anaacha nusu, anatimua mbio. Safari hii Mama Kitambaa anamfuata mguu kwa mguu.

Bibi ameketi kwenye kiti chake. Mkono wake uko chini ya meza, na mbwa anatafuna.

"Bibi. Kumbe ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Biskuti. Ndiyo maana hamalizi huko nje, anawahi ya ndani."

"Mtoto alikuwa na njaa."

"Amekula sasa hivi, Bibi. Bakuli amelilamba mpaka likasogea ukutani."

Bibi anakung'uta makombo kwenye gauni. Mama Kitambaa anamnyanyua mbwa kabla hajamalizia, anamrudisha nje na kumngoja. Anarudi naye ndani. Anavuta kigoda na kuketi karibu na Bibi.

"Nilikuambia apewe nje tu."

"Uliniambia."

"Sasa?"

Bibi anamtazama mbwa, ambaye amejilaza juu ya mguu wa Mama Kitambaa.

"Akijua huyu, wewe unaondoka," anasema. "Nikaona acha akawie kujua."

Mama Kitambaa anakishusha kitambaa begani, anakikunja, anakikunjua.

"Bibi, si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Mtu mzima nikushike nguo?" Sauti ya Bibi inashuka. "Nenda, mwanangu, ukaanze kazi yako. Biskuti nitampa nje. Ila Jumapili uje. Usije kukagua sakafu, wala kumwona mbwa. Uje kuniona mimi."