Taima za Injinia Qu

Wanaosema Injinia Qu Delin alikuwa mzembe wananikera, na wengi wao hata bisibisi hawajui kuishika. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kuzeesha hapa kiwandani kwetu Bao'an, Shenzhen, chumba cha joto la tanuri ambamo bodi za umeme zinawashwa kutwa nzima, ili zile dhaifu zifie humu zisije zikamfia mteja. Qu namfahamu vizuri.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Hapa Shenzhen, mwandika programu akishapita thelathini na tano hata simu ya usaili hapigiwi. Bosi Kuang alilijua hilo. Alipopata chipu za bei nafuu, miguu ileile na umbo lilelile, akamtaka Qu ahamishie humo programu ya viti vya magurudumu vya umeme, na akamwekea sharti mbele yetu sote: bodi zikipita chumba cha kuzeesha kabla ya Mwaka Mpya, anabaki, zisipopita, akale sikukuu kwao Shaoyang na asirudi tena. Mkewe Suqin, aliyekuwa huko na binti yao, naye aliambiwa sharti hilo.

Sasa kazi yenyewe. Mota ya kiti haipewi umeme mfululizo. Taima, yaani saa ndogo iliyomo ndani ya chipu, inauwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kadiri unavyokaa umewaka ndivyo mota inavyokwenda kasi. Swichi ni mbili, ya juu na ya chini, kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba: mmoja atoke kabisa ndipo mwenzake aingie. Zikiwaka pamoja, zinaungua. Kwa hiyo taima inawekewa kitambo kidogo katikati, nacho kinahesabiwa kwa mapigo ya chipu.

Chipu mpya ilipiga kasi maradufu. Qu alilijua, akarekebisha namba ya mzunguko wa kuwasha na kuzima, kisha akaegemeza sikio kwenye mota, maana mafundi wa zamani wa hapa wanapima mota kwa sikio. Ikaunguruma vilevile kama ya zamani, akaridhika. Kumbe namba ya kile kitambo, iliyoandikwa mahali pengine kabisa, ilibaki ileile, na kitambo chenyewe kikawa nusu ya kinachotakiwa. Hilo kwa sikio hulisikii.

Nilikuwa mlangoni bodi ya kwanza ilipopasuka. Zikafuata za mstari mzima, moshi ukajaa, nikakata umeme. Qu alisimama nje ya kioo cha chumba. Bosi akamtukana mbele ya watu, akamwambia mahali pake ni makumbusho, na wapuuzi wale wakacheka.

Qu alirudi mezani kwake, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaiona ile namba. Akaiongeza maradufu. Tukapanga bodi nyingine kwenye joto, zikakaa hadi kesho yake, na haikufa hata moja. Jamani, nilifurahi! Nilimpelekea bakuli la tambi, nikamwambia ale, sasa amepona.

Amepona wapi. Asante ya punda mateke. Bosi alikuja na mjumbe wa mteja, wakazikagua zote, wakapeana mikono. Mjumbe alipoondoka, Bosi akamvuta Qu pembeni, hatua chache kutoka niliposimama. Aliongea kwa upole, na upole ule ulinichefua kuliko matusi.

"Mzee wangu, mteja alisikia habari za moshi. Lazima nimwonyeshe kuna mtu ameondoka. Na programu sasa iko sawa, kijana yeyote ataitunza."

"Bosi, ulisema zikipita."

"Mara ya kwanza hazikupita."

Akaenda zake. Nikamwambia Qu angalau bodi zinafanya kazi. Neno la kijinga, sijui lilinitokaje.

"Zinafanya kazi, Dada Liao," akasema. "Ndiyo maana hanihitaji tena."

Simu yake ikaita. Alikuwa Suqin. Qu aliitazama kwa muda, ikaita mpaka nikadhani hataipokea. Akaipokea.

"Zimepita," akamwambia. "Ndiyo, zote."

Nilimsikia mkewe akicheka kule, akimwita binti yao aje haraka, baba ana habari njema.