Kelele ya Mashini ya Unga

Ninyi mnaosaga mahindi kwetu, soko la mtaa wetu wa Kenya, nichekeni tu. Juzi nilikaa mahali pangu pa siku zote, juu ya bati linalofunika gurudumu la mkanda. Bati lenyewe lilikuwa jipya, jembamba. Ghafla mashini ikaanza kutetemeka na kulia, chuma kikikwaruza chuma, harufu ya kuungua ikatoka. Bamama wamepanga ndoo zao, nyumbani watoto wanangoja bukari, ugali wetu.

"Papa fundi, ita mwenzako akusaidie," akasema Mama Kapinga, wa kwanza kwenye mstari.

"Mwenzangu wa nini? Sitoki hapa mpaka niikamate hii kelele!"

Nikazima, nikafungua, nikabadilisha rulma, yaani beringi, nikapaka grisi, nikawasha. Kisha nikakaa pale pale juu ya bati, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, kama mafundi tunavyosikiliza. Kelele ile ile! Nikafungua tena. Shati likalowa jasho, ila kushindwa sikukubali. Nikarudi kukaa, nikajikandamiza nisikie vizuri, hata meno yakagongana.

Mama Kapinga akaja mbele yangu.

"Papa fundi, simama kidogo."

Nikasimama. Mashini ikatulia, ikasaga vizuri kabisa.

"Ikala tena."

Nikakaa. Bati likabonyea chini yangu, likagusa gurudumu, mashini ikapiga yowe.

Akawageukia wenzake. "Bamama, leteni mahindi! Mashini iko muzima. Kelele iko ku matako ya fundi!"