Kiroba cha Nne

Kabagwira alikuwa na ugomvi na misimu yote minne ya Kigali, na kila mmoja aliugombeza kwa zamu yake. Urugaryi, kile kiangazi kifupi cha Januari na Februari, alikilaumu kwa haraka zake: hujakaa vizuri na karatasi zako, kimeshaondoka. Itumba, masika yenyewe, ilimfungia ndani na kumwoteshea ukungu kwenye picha. Icyi, kiangazi kirefu cha kuanzia Juni, ilimmwagia vumbi juu ya rangi mbichi. Umuhindo, yaani vuli, aliusamehe kidogo, kwa sababu moja tu ambayo tutaifikia.

Alikuwa mchoraji, miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Karagwe kule Tanzania, aliyerudi Rwanda na wazazi wake akiwa binti mkubwa. Aliishi Gikondo, pale nyumba zinapokoma na mlima wa Rebero unapoanza, pamoja na mama yake, Mukantwari, mwenye miaka themanini na mitatu na masikio makali kuliko ya paka. Kila asubuhi isiyo na mvua alipanda mlima kwa miguu, na karaha zake zilianzia hapo, maana Kigali haimwelewi mtu mzima anayetembea bila safari. Pikipiki ilimpunguzia mwendo: "Mama, twende?" Akakataa. Ya pili ikaja, ya tatu, kila moja ikimhurumia kuliko iliyotangulia. Mlinzi wa geti moja njiani akamuuliza anamtafuta nani.

"Simtafuti mtu. Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Mlima."

Mlinzi aligeuka akautazama mlima, kuhakikisha haujaibwa.

Lakini matembezi yale hayakuwa anasa. Nusu saa juu ya nyumba yake barabara ya vumbi ilikuwa imeukata mlima na kuacha ukingo mrefu. Mvua za kwanza za Umuhindo zilipouosha ukingo ule, usawa wa goti ulijitokeza mshipa wa udongo wa manjano katikati ya ule mwekundu. Kila mwaka Kabagwira alichimba udongo huo wa kujaza kopo moja kubwa la maziwa, akaukausha, akausaga, akauchekecha, akauchanganya na gundi ya maseremala. Rangi za manjano za dukani alikwisha zijaribu zote, na hakuna iliyouweza uso wa mama yake. Ya dukani ilimfanya mgonjwa wa ini. Ya mlimani ilimfanya Mukantwari.

Kila Julai bibi aliketi barazani, binti akamchora. Picha kumi na moja zilikuwa ukutani, na mgeni angeweza kumwona akizeeka taratibu kutoka mlangoni hadi dirishani. Julai ya mwaka huu kopo liliisha kabla ya sikio la kushoto. Alilimalizia kwa vumbi alilolikwangua pembeni mwa kopo kwa kijiko, akajiambia, si kitu, Oktoba haiko mbali.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye Itumba, maana balaa lote lilizaliwa huko. Aprili mvua ilinyesha siku tatu na mlima ukashuka. Matope yaliingia uani kwa Kabagwira, yakavuka kizingiti, yakafika miguuni mwa ubao wake wa kuchorea. Kwa jirani yake wa chini, Natacha, aliyekuwa na mtoto wa wiki mbili, yalifika hadi mvunguni mwa kitanda. Kabagwira aliyasukuma kwa fagio huku akiyatukana kwa lugha zote tatu alizozijua.

"Usiyatupe mtaroni," mama yake alisema. "Jaza viroba, upange mlangoni vizuie maji."

"Mama, matope yazuie matope?"

"Jaza."

Vikajaa viroba vinne, vikapangwa mlangoni. Tangu siku hiyo haikupita wiki bila yeye kujikwaa kidole gumba na kuvilaani.

Kwa hasira ile ile alisimama kwenye mkutano wa mtaa. Mlima unatuhamia ndani, alisema. Tusubiri mpaka umfukie mtoto? Wakampigia makofi. Mkuu wa mtaa, Évode, fundi magari mwenye karakana pale bondeni, aliandika kila neno kwenye daftari.

"Mubyeyi," alisema, kwa heshima anayopewa mzazi, "matope hii iko mbaya sana. Tutafanya kitu."

Kabagwira alirudi nyumbani akisonya. Tutafanya kitu! Maneno hayo alikwisha yasikia nchi mbili. Kosa lake ndilo hilo: alisahau kwamba yuko Kigali, na kwamba Évode hakuwa mtu wa kuona tatizo akapata usingizi.

Septemba Mukantwari aliugua kifua, na kwa wiki tano binti yake hakukanyaga mlimani. Alisikia kwamba kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, watu wamejenga ukuta wa mawe mahali fulani huko juu. Hakuuliza ni wapi. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba bibi alikuwa amepata nafuu, na saa mbili asubuhi Évode alibisha hodi akiwa na Ochieng, fundi umeme Mkenya wa nyumba ya pili.

"Mubyeyi, leo tunapanda miti. Kule juu kwa ukuta iko mawe tu, hakuna udongo ya kufunika mizizi. Ile viroba yako, tunaweza beba?"

"Bebeni! Vimenimaliza vidole."

"Kabagwira," mama yake aliita kutoka kitini, "viroba vyangu..."

"Mama, watu wanapanda miti. Hakuna matope tena."

Alimwandalia chai, akafuata nyuma kwa mwendo wake. Mkononi alikuwa na lile kopo la maziwa, tupu. Akimaliza kazi ya watu atapitia kwenye ukingo wake.

Hakuhitaji kupitia. Watu sitini walikuwa wamesimama hapo hapo. Ukuta wa mawe ulikuwa umepanda hadi kiunoni, umenyooka, umefungwa kwa saruji, na juu yake nyasi zilikuwa zimepandwa safu kwa safu. Mshipa wa manjano ulikuwa nyuma ya mawe.

"Évode," alisema, "kwa nini hapa?"

"Si hapa ndiyo matope inatokea? Tulifuata njia ya maji kutoka mlango yako mpaka huku. Ni wewe ulituonyesha, mubyeyi." Akawageukia watu. "Mumpigie makofi!"

Wakapiga. Kabagwira alitaka kulia na kumrushia mtu kopo, yote mawili kwa pamoja. Alifungua kinywa aseme mawe yale yatolewe, walau matatu tu, pale chini. Ndipo Natacha akamjia, mtoto mgongoni, akamshika mkono.

"Mwaka huu tutalala, mama," alisema.

Kabagwira aliliweka kopo chini, nyuma ya miguu yake.

"Mti wa mwisho tumekuwekea wewe," alisema Évode. Kabagwira alipiga magoti penye shimo, akaushika mche wima kama alivyoambiwa. Pembeni viroba vitatu vilikuwa vimelala vitupu. Ochieng akakivuta cha nne, akatia ncha ya kisu, na udongo ukaanza kumwagika juu ya mikono ya Kabagwira: mkavu, laini, umechujwa na maji yenyewe njia nzima kutoka ukingoni. Manjano.

"Acha!" alipiga kelele. "Ochieng, acha!"

Ochieng aliruka nyuma. "Nimekukata, mama?"

Kabagwira alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Miaka kumi na moja amepanda mlima kufuata rangi hii. Aprili rangi ikamfuata yeye mpaka mlangoni, akaipokea kwa fagio na matusi. Na anajiita mtu wa kuangalia! Miti mitatu ilikuwa imekwisha kushindiliwa na kumwagiwa maji. Rangi ya huko imekwenda.

"Kiroba hiki ni changu," alisema. "Njooni mchukue udongo wa bustani yangu, ng'oeni hata maua. Hiki hapana."

Évode alivua kofia, akakuna kichwa. "Mubyeyi, ulilia matope inakuja. Sasa unalia matope inaenda?"

Mlima mzima ukacheka. Wacheke. Alikaza mdomo wa kiroba kwa kitambaa chake cha kichwa, Ochieng akamtwisha, akashuka nacho. Pikipiki mbili zikapunguza mwendo, naye akazisonya zote.

Mukantwari alimwona getini. "Kimerudi kimoja?"

"Mama, ulijua kilichomo?"

"Ule udongo wako. Nilikuona unaufagia, nikasema labda huu haufai. Mchoraji ni wewe."

Kabagwira alikitua mlangoni, pale pale kilipokuwa.

"Kinatoa nyuso ngapi?" mama yake aliuliza.

Alikitazama, kichwani akatoa kokoto, akatoa makapi. "Saba. Nane, nikibana."

Bibi alihesabu miaka yake kwa vidole, taratibu, akafika tisini na moja. "Zinanitosha," alisema. "Zitakazobaki kairudishie miti yao."

"Hazitabaki," alisema Kabagwira kwa ukali, akaingia ndani kutafuta chekeche.