Namba Niliyompa Mtani

Mimi ni Mzaramo, na nilipohamia Tabora kutunza kompyuta za redio moja ndogo, siku ya kwanza nilipewa vitu viwili: ufunguo wa chumba cha mitambo na mtani. Ufunguo niliusainia. Mtani alijileta mwenyewe. Alikuwa mtangazaji wa vipindi vya wakulima, Mnyamwezi wa Puge, mtu mzima mwenye wajukuu, na alinipokea mlangoni kwa sauti ileile ya hewani: "Mzaramo! Jembe limekushinda, umekimbilia kompyuta?"

Nikamjibu kwamba babu yake alibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani kwetu, na kama tusingempa maji ya kunywa, ukoo wao ungeishia njiani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo tukawa ndugu.

Asiyejua utani wa makabila yetu angedhani tunagombana. Mtani ana haki ya kukusema mbele za watu, na ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Yule bwana aliitumia haki hiyo mpaka hewani. Wiki ya pili tu aliwatangazia wasikilizaji kwamba fundi mpya kapotea akitoka mtaa wa Gongoni kwenda sokoni, atakayemwona amrudishe. Na kweli nilirudishwa. Mama mmoja muuza nyanya alinishika mkono hadi getini.

Sasa, mtani asiyelipiza hana adabu. Nafasi yangu ilikuja tulipopata seva, kompyuta kuu ya kutunzia mafaili ya wote.

Kompyuta za studio zilitumia Windows, seva ikatumia Linux, na mifumo hii miwili haimtambui mtu kwa namna moja. Kule studio kila mmoja alifahamika kwa jina lake na kundi lake: habari, vipindi, matangazo. Seva haijali majina. Kwake mtu ni namba, na kundi nalo ni namba. Kwa hiyo fundi huandika orodha ya katikati: jina hili la huku ndiyo namba ile ya kule. Ukikosea mstari mmoja, mtu anavuka na kufika akiwa mtu mwingine. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilipenda watu wajue hivyo.

Seva ina namba moja ya akiba, ya mtu asiyejulikana. Kila faili ambalo mwenyewe hafahamiki hutupwa huko: la mgeni, la mwanafunzi wa mafunzo kazini, la kwaya iliyokuja kurekodi ikaenda zake. Nilipofika kwenye mstari wa mtani wangu, mkono ukaniwasha. Nikampa hiyo. Kisha nikamfuata studio nikamwambia, "Tayari nimekuandikisha. Huku wewe ni mtangazaji, ukivuka kule hata mbwa hakujui."

"Hapo umenipata, Mzaramo," akasema, na akanipa mkono.

Nilikusudia kumrekebishia kesho yake. Badala yake nikahamisha mafaili yote, nikayafuta kwenye kompyuta za studio, nikajipongeza, nikasahau.

Mama wa mtani wangu alifariki wakati wa mvua. Miezi kadhaa baadaye, Alhamisi asubuhi, mtani aliingia chumbani kwangu bila kunitukana, jambo lililonishtua. Ukoo ulikuwa unakutana Puge Jumamosi kwa misa ya kumbukumbu, na dada zake walikuwa wamemwomba alete sauti ya mama. Kabla ya seva kuja, aliwahi kumrekodi akieleza jinsi ya kukausha majani ya kunde, yale wanayoyaita nsansa. Hapakuwa na rekodi nyingine yoyote. Mama huyo hakupenda hata kupigwa picha.

"Nitolee tu, bwana," alisema. "Imo kwenye mafaili yangu."

Nikafungua seva. Mtani wangu hakuwa na mafaili. Kazi zake zote zilikuwa chini ya namba ya asiyejulikana, zimechanganyika na za wengine mamia kwa mamia, zote zimepewa na kinasa sauti jina moja la "rekodi" na tarakimu mbele. Tarehe za rekodi zote za zamani zilikuwa za siku ile niliyohamisha. Kama fundi niliweza kufungua faili lolote, ila sikuweza kujua lipi ni la nani.

Nikamweleza. Nilisubiri anitukane, na nilitaka sana anitukane. Alisema tu, "Haya, tusikilize," akavuta kiti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Tukaanza na ya kwanza. Kwaya ikikosea ubeti uleule mara nne. Mwanafunzi akisoma habari za mnada wa ng'ombe huku anapiga chafya. Jogoo. Mtu, sijui nani mpaka leo, akiuliza kwa dakika saba, "Hii imewaka?" Kwenye jogoo mtani alishindwa kujizuia, akasema huyo ana sauti nzuri kuliko ndugu zangu wote wa pwani, nami nikashukuru kusemwa. Lakini kila rekodi mpya ilipoanza aliacha kucheka, akaiinamia spika mpaka ahakikishe si yenyewe. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Dada wa mapokezi alikuja kututazama mara mbili, akaondoka anatikisa kichwa.

Saa tisa hivi tukasikia kikombe kikiwekwa chini, kisha pumzi ya mtu mzee, karibu sana na kipaza sauti. Mtani akanikamata mkono nisiguse kitu.

Mtani alikuwa amerithi jina la babu yake, mzaa mama, kwa hiyo mama yake alimwita baba. Kwenye rekodi mama akamuuliza kwa Kinyamwezi, kile kidogo ambacho hata mimi nimeshakielewa: "Baba, umekula?"

Ikafuata sauti ya mtani mwenyewe, ile ya kazini, yenye haraka: "Mama, usiongee na mimi. Ongea na hiki kipaza sauti. Anzia kwenye majani."

Mama akaanzia kwenye majani.

Mtani akasimamisha. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena swali lile, na akasimamisha kabla sauti yake haijaingia. Akaisogelea spika.

"Bado, mama," akajibu kwa Kinyamwezi. "Tangu asubuhi."