Bwambale Niliyemnyooshea Kidole

Jamani, nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mkono ulikuwa wangu, nao ndio huu ninaoandikia!

Miaka ile ya sabini, jeshi likitawala, nilikuwa natunza jumba dogo la makumbusho pale Bwera mpakani. Jumba ni kusema tu. Kilikuwa chumba cha mikuki, mawe ya shaba kutoka migodi ya Kilembe na vitabu vya wachoraji wa Ulaya alivyoviacha padri mmoja. Kaka yangu Bwambale alivipekua mpaka vikachanika. Alinisimulia habari za yule mchoraji Mholanzi aliyejikata sikio, nami nacheka, namwambia wazungu wana mambo.

Siku moja akachora soko letu: akina mama wamesimama na mabeseni matupu, na afisa mwenye tumbo kubwa amekalia gunia la chumvi. Nikasema hii itanipa sifa. Nikaitundika mlangoni, mpumbavu mimi! Chini alikuwa ametia jina lake, Bwambale.

Wanajeshi wakaja asubuhi. Mkubwa wao akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Tumbo lilikuwa lake kabisa.

"Wewe mama! Nani nachora hii?"

"Bwambale, afande." Ningesema nini, na jina limeandikwa pale pale?

"Bwambale iko wapi?"

Kaka yangu alikuwa chumba cha nyuma, anachanganya rangi. Harufu ya rangi hizo naisikia! Sasa kwetu Wakonzo, mtoto wa pili wa kiume huitwa Bwambale, karibu kila nyumba yuko mmoja. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Bwambale seremala, aliyetutengenezea fremu zetu. Nikanyoosha kidole.

"Ule pale, afande. Iko nakata mbao."

Wakamwuliza, "Wewe Bwambale?" Akaitika, "Ndiyo, afande," huku anatabasamu, akidhani wanataka meza. Walimtupa kwenye Land Rover, msumeno ukabaki umekwama kwenye ubao.

Kaka yangu alipojua hakunitukana. Alivaa shati, akasema, "Dada, ule mutu iko na batoto." Akaenda kambini Kasese kujitaja. Nilimshika miguu, akajinasua. Mungu wangu! Hakurudi. Seremala naye hakurudi.

Mkewe akasikia tu kwamba kaka yangu alikwenda kumtetea mumewe. Akaja tukalia pamoja, akaniita dada wa shujaa. "Lakini nani alionyesha bwana yangu?" akauliza. Nikasema sijui. Sijui! Tangu hapo, kila Jumapili ananiwekea nafasi kanisani, nami nakaa ubavuni mwake, nikingoja aulize tena.

Mwenzangu unayesoma, siku ukibanwa, nyamaza. Piga magoti, lia, hata ujikojolee, lakini usimtoe mtu wa watu ili wako apone. Mimi nilidhani woga ungeisha ile gari ikiondoka. Wapi! Ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Yule mjane wa seremala hajui kusoma. Wajukuu wake wanajua, na gazeti hili huwa wanamsomea.