Siku Niliyomchungulia Mama Mkwe

Jamani, haya msiyafikishe Kakamega, maana kule kwetu mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja njiani hujitupa kichakani hadi apite, na mimi, Baba Neema, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilimchungulia wangu dirishani, mchana kweupe, nikiwa nimesimama juu ya pipa la taka.

Nilimwoa Nekesa hukuhuku Birmingham bila kwenda kwao kujitambulisha (kila mwaka nilisema mwaka ujao), na mamaye, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, hakuwahi kunisamehe. Alipokuja kututembelea tukampa chumba cha chini, mimi nikawa napitia mlango wa jikoni ili tusigongane, salamu zikapelekwa na mke wangu. Lakini kulikuwa na ahadi: Jumamosi ile watu wa fellowship wangekuja kwa maombi, naye angesimama mbele yao anikubali kuwa mkwe. Niliingoja siku hiyo kuliko nilivyowahi kungoja mshahara.

Sasa, mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Wiki hiyo nikagundua kwamba jirani yetu Keith, mzee wa Kizungu aliyefiwa na mkewe, kila alasiri anaingia kwa mama mkwe na sanduku jeusi, halafu pazia linafungwa. Baadaye inatoka harufu ya mafuta yanayoungua. Kisha kicheko. Kicheko cha mama mkwe! Mama ambaye hajanichekea hata siku moja, hata picha zetu za harusi alizitazama kama anayesahihisha mtihani! Iliniuma, nasema kweli. Na huyo Keith anamwita "bab", yaani mpenzi. (Najua, hapa Birmingham hata muuza samaki atakuita bab, lakini muuza samaki hafungi pazia.)

Nikamwambia Nekesa.

"Wewe na hizo suspicion zako!" akasema. "Mama ana seventy-one. Wacha a-enjoy."

A-enjoy nini? Hapo ndipo nilipozidi kuwashwa.

Jumamosi yenyewe, Nekesa yuko jikoni anakaanga kuku, wageni hawajafika, nikamwona Keith anaingia tena na sanduku lake. Leo? Siku ya maombi? Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakuta dirisha la mama liko wazi ili moshi utoke, nikavuta pipa la taka, nikapanda, nikasogeza pazia kwa kidole kimoja tu.

Ndani kulikuwa na reli. Reli ndogo zimezunguka meza nzima, na juu yake injini nyeusi ya gari-moshi, ndogo ya kutosha kiganjani, magurudumu mekundu, inafuka moshi na kukokota mabehewa ya makaa ya mawe. Keith alikuwa akieleza kwamba zile kubwa zenyewe zilibeba mizigo huko Ujerumani, na mama mkwe, kilemba amekivua, ulimi umemtoka pembeni, ameshika kidude cha kuiendesha.

"Slowly, bab. The corner."

"Niache, Keith. I know this corner."

Ningeshuka wakati huo ningekuwa salama. Lakini nilitaka kuona kama ataiweza ile kona, nikainama kidogo, na mapipa ya huku, mnajua, yana magurudumu. Pipa likaondoka. Mimi nikaingia dirishani hadi kiunoni, pazia limenifunika kama bi harusi, uso wangu ukatua juu ya reli, na gari-moshi, ambalo kona liliiweza vizuri kabisa, likaja likanigonga puani.

Keith hakuniuliza kama nimeumia. Aliokota injini akaanza kuipuliza vumbi. Na huko nje, ambako miguu yangu ilikuwa inapiga hewa, nikasikia lango linafunguliwa na sauti ya Mama Brayo, mwenyekiti wa fellowship:

"Mwizi! Ngai, mwizi! Ghai, si hivi ni viatu vya Baba Neema? Unafanya nini kwa chumba ya mama-in-law?"

Nikafumba macho. Nilijua yamekwisha.

Nikasikia leso ya kiunoni ikitupwa juu ya meza kuficha reli, puu! Kisha mama mkwe akasogea dirishani, sauti yake ileile ya gwaride la shule.

"Nimemtuma mimi. Dirisha lilikwama. Na huyu jirani ameleta spana. Mvuteni kijana wangu, mbona mnamwangalia?"

Kijana wangu! Mzee wa kanisa, amedanganya wazi, saa ya maombi! Baadaye akasimama mbele ya wote, kilemba kimerudi kichwani, akanikubali, watu wakapiga vigelegele, Nekesa akalia. Mimi nilikuwa na pamba puani. Alipomaliza alinitazama mara moja tu, akaitazama na leso iliyofunika meza, na hadi leo sijui kama siku ile nilikubaliwa au nilinyamazishwa. Nilimwitikia "asante, mama", na neno hilo lilitoka moyoni, kwa vyovyote vile.

Pipa nimelifunga kwa mnyororo. Kicheko kikianza chumbani, mimi huchukua koti langu nikaenda kutembea, hata kama kunanyesha.